Fanani Asiye na Jukwaa: Maisha ya Kisanii ya Mpiga Piano Glenn Gould na Dhana ya Hadhira

1. Utangulizi

Tarehe 10 Aprili 1964, katika ukumbi wa Wilshire Ebell mjini Los Angeles, Marekani, mpiga piano wa Kanada aitwaye Glenn Gould alimaliza kupiga, akainama mbele ya hadhira yake, akaondoka. Hakutoa tangazo lolote. Alikuwa na umri wa miaka 31, na jina lake lilikwisha kujulikana kutoka New York hadi Moscow na Tel Aviv. Tangu usiku ule hadi alipofariki dunia tarehe 4 Oktoba 1982, hakupanda tena jukwaani kupiga piano mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Hata hivyo, Gould hakuiacha piano. Miaka 18 iliyofuata aliitumia studioni, redioni na kwenye televisheni, na sehemu kubwa ya kazi zilizolifanya jina lake lidumu ilitokana na miaka hiyo. Yaani alikataa kitu kimoja tu, nacho ni kukutana ana kwa ana na wasikilizaji wake.

Uamuzi huo unagusa moja kwa moja nadharia ambayo wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili huisoma mapema sana katika masomo yao. Wataalamu wa fasihi simulizi ya Kiswahili, akiwamo M. M. Mulokozi, wameieleza fasihi simulizi kuwa ni tukio linalofungamana na muktadha wa kijamii. Ndani ya tukio hilo mna fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Hadhira katika maelezo hayo ni sehemu ya kazi yenyewe: huitikia, huhimiza, hukatiza, na mara nyingine humfanya fanani abadili alichokusudia kukitenda.

Swali linalozuka ni hili: je, msanii wa utendaji aliyeikimbia hadhira bado ni fanani? Msomaji anaweza kushangaa kwamba swali la namna hii linaulizwa kwa kumtazama mpiga piano wa Toronto na si mghani wa tenzi au manju wa ngoma. Lakini nadharia haipimwi kwa mifano inayoikubali tu. Hupimwa zaidi kwa mfano unaoisumbua. Mhadhara huu unadai kwamba Gould hakuifuta hadhira, bali aliihamisha mahali na wakati. Kwamba uhamisho huo ulimpa mengi na kumgharimu mengi. Na kwamba faida na gharama zote mbili zina funzo kwa yeyote anayekwenda uwandani na kinasa sauti.

2. Kinanda, kupiga na kughani

Kabla ya kuingia katika maisha ya Gould, yafaa kuyatazama maneno yenyewe, kwani lugha aghalabu huwa imekwisha kusema jambo kabla ya wataalamu kulisema.

Neno kinanda lilitumika katika pwani ya Afrika Mashariki kwa ala ya nyuzi ya jamii ya gambusi, ambayo mpigaji huipakata na kuzidonoa nyuzi zake. Ala za kigeni zilipoingia, maana ya neno hilo ilipanuka, likabeba kinanda cha kanisani, piano na akodiani. Kisha ikaja mashine ya santuri, nayo ikaitwa kinanda, au kinanda cha santuri. Hivyo mzungumzaji wa Kiswahili aliweza kutumia neno moja kwa ala inayopigwa na mtu aliye mbele yake, na kwa mashine inayorudia sauti ya mtu asiyekuwapo. Upanuzi huo wa maana unaweza kuonekana kuwa ni uzembe wa istilahi. Itabainika huko mbele kwamba Gould aliishi maisha yake yote ya utu uzima akiitetea maana hiyo pana.

Kitenzi kupiga nacho kina mengi. Mswahili hupiga ngoma, hupiga zumari, hupiga gambusi; haichezi ala, kwa kuwa kucheza ni kazi ya mwili wa mchezaji. Katika zumari, maana ya kugonga imekwisha kufifia kabisa. Katika piano, kinyume chake, maana hiyo ya asili inarejea na kuwa kweli tupu. Ala iliyobuniwa na Bartolomeo Cristofori mjini Florence mnamo mwaka 1700 ni ala ya nyundo: kibao kikibonyezwa, nyundo ndogo hurushwa, hugonga nyuzi, kisha hurudi mahali pake. Piano ya leo ina vibao 88, na mpigaji hazigusi nyuzi kamwe. Hupiga kwa kuituma nyundo. Ndiyo maana nguvu ya kidole hubadili ukubwa wa sauti. Haspikodi, kinanda kilichotangulia piano katika nyumba za Ulaya, haikuwa hivyo, kwani nyuzi zake zilidonolewa, na nguvu ya kidole haikuleta tofauti kubwa.

Neno la tatu ni kughani. Desturi ya mpiga piano mmoja kuushika ukumbi peke yake jioni nzima si ya kale. Aliyeipa umaarufu ni Franz Liszt, ambaye mwaka 1840 mjini London aliyatangaza maonesho yake kwa neno la Kiingereza ambalo hadi wakati huo lilihusu kughani mashairi. Neno hilo liliwashangaza watu, maana haikueleweka mtu awezaje kughani kwa piano. Kwa mtafiti wa Kiswahili mshangao huo haupo. Mghani wa utenzi huchukua matini iliyokwisha kuandikwa, huitia sauti, mahadhi, kasi na kituo, akaifanya iwe tukio. Mpiga piano wa muziki wa kale wa Ulaya hufanya vivyo hivyo: hatungi, bali huitenda matini ya mwingine.

Na matini hiyo haisemi kila kitu. Hati za tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu hazikuonyesha mahadhi, na mara nyingi hazikupambanua irabu e na i, wala o na u. Msomaji alipaswa kuijua lugha na utungo ndipo aweze kusoma. Vivyo hivyo, kazi ya Johann Sebastian Bach iliyochapishwa mwaka 1741 na ambayo leo hujulikana kwa jina la Goldberg Variations, ina wimbo mmoja na mageuzo yake 30, lakini maelezo yake kuhusu kasi ni machache mno. Tena iliandikwa kwa haspikodi yenye safu mbili za vibao. Anayeipiga kwa piano yenye safu moja amekwisha kuwa mfasiri hata kabla hajaamua lolote jingine.

3. Malezi ya fanani

Glenn Gould alizaliwa mjini Toronto tarehe 25 Septemba 1932. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa mama yake, Florence. Mwaka 1943 alianza kufundishwa na Alberto Guerrero, mpiga piano mzaliwa wa Chile aliyekuwa akifundisha katika chuo cha muziki cha Toronto. Kwake alijifunza zoezi ambalo linastahili kuelezwa, kwa sababu linafafanua sauti yake yote ya baadaye. Mkono mmoja huwekwa juu ya vibao ukiwa umelegea. Mkono wa pili hugonga ncha ya kila kidole mpaka kibao kishuke, kisha kidole huachwa kirudi chenyewe. Lengo ni kidole kijue mwendo mdogo kabisa unaotosha kuirusha nyundo. Kutokana na malezi hayo, kila noti ya Gould ilisikika ikiwa imetengana na jirani yake, mithili ya silabi zinazotamkwa na msemaji asiyemeza hata moja.

Ukaaji wake nao ulikuwa wa pekee. Mwaka 1953 baba yake alimtengenezea kiti cha kukunja kilichokuwa chini sana, kiasi cha sentimita 35 kutoka sakafuni, na kiti hicho alikitumia hadi mwisho wa maisha yake, hata kilipochakaa na kubaki fremu. Akiwa chini hivyo, hakuweza kuvishukia vibao kwa uzito wa mabega. Ilimpasa kuvivuta kwa vidole. Isitoshe, alikuwa akiimba kwa sauti ya chini wakati wa kupiga, na sauti hiyo inasikika katika rekodi zake nyingi. Waliompenda walizizoea tabia hizo. Wengine waliziona kuwa ni vituko.

Mnamo Januari 1955 alipiga kwa mara ya kwanza nchini Marekani, tarehe 2 mjini Washington na tarehe 11 katika ukumbi wa Town Hall, New York. Aliziacha kando kazi za kujionyeshea wepesi ambazo vijana wenzake walizitumia kujitambulisha, akawapigia watu Sweelinck, Gibbons, Bach, Beethoven, Berg na Webern. Siku iliyofuata onesho la New York, kampuni ya Columbia iliamua kumpa mkataba. Mwezi Juni mwaka huohuo alirekodi Goldberg Variations katika studio ya kampuni hiyo ya 30th Street, New York. Santuri ilitolewa Januari 1956. Kazi iliyokuwa ikidhaniwa kuwa ya wataalamu wachache ikauzwa kwa wingi, na kijana wa miaka 23 akaitwa kila pembe ya dunia.

4. Miaka tisa ya jukwaa

Ziara iliyo muhimu kuliko zote kwa mjadala huu ni ile ya Mei 1957 nchini Urusi ya Kisovieti. Gould alikuwa mpiga piano wa kwanza wa Amerika ya Kaskazini kufanya maonesho huko baada ya Vita Kuu ya Pili. Tarehe 7 Mei alipiga katika ukumbi mkubwa wa chuo cha muziki cha Moscow. Jina lake halikujulikana, na onesho lilipoanza viti vingi vilikuwa vitupu. Wakati wa mapumziko, waliokuwamo walitoka wakawapigia simu jamaa na marafiki zao waje haraka; sehemu ya pili ilipoanza, ukumbi ulikuwa umejaa. Siku chache baadaye alizungumza na wanafunzi wa muziki mjini humo na kuwapigia kazi za Berg, Webern na Krenek, watunzi ambao muziki wao haukukubalika rasmi nchini humo wakati ule.

Tukio la tarehe 7 Mei lafaa kuingizwa katika kila mhadhara juu ya dhana ya hadhira. Hadhira ya Moscow haikukaa na kupokea tu. Ilihukumu, ikatoka nje, ikajiongeza yenyewe, ikarudi. Gould alipiga sehemu ya pili mbele ya hadhira iliyoundwa na hadhira ya sehemu ya kwanza. Hakuna santuri iwezayo kulifanya hilo ndani ya saa moja.

Kutoka Urusi alikwenda Berlin, akapiga na okestra iliyoongozwa na Herbert von Karajan. Mwaka 1958 alipiga Salzburg, Brussels na Stockholm, na nchini Israeli alifanya maonesho 11 katika siku 18. Haya ndiyo maisha ya mpiga piano wa kimataifa yalivyo: piano isiyo yake kila mji, hoteli, baridi, ndege, na kazi zilezile kurudiwa kila baada ya siku chache. Ikumbukwe kwamba mpiga fidla husafiri na ala yake, ilhali mpiga piano huikuta ala ukumbini na kuizoea katika muda wa saa chache.

Tukio la pili ni la Aprili 1962, katika ukumbi wa Carnegie Hall mjini New York. Gould alikuwa apige na okestra kazi ya kwanza ya Johannes Brahms ya piano na okestra. Alichagua kasi ya taratibu mno. Kiongozi wa okestra, Leonard Bernstein, aliihutubia hadhira kabla ya kuanza, akaeleza kwamba hakubaliani na tafsiri hiyo lakini ataiongoza kwa sababu ya heshima yake kwa msanii na kwa kuwa kulikuwa na jambo la kujifunza. Wahakiki wengi walimlaumu Gould. Hapa unaonekana mvutano kati ya matini, mtendaji wake na kaida za hadhira. Jukwaa lilikuwa limemruhusu Gould kuifasiri matini, ila kwa kiasi ambacho hadhira ilikwisha kukizoea.

5. Hoja za kuondoka

Gould alitoa sababu zake kwa maandishi na mazungumzo, nazo zinaweza kupangwa katika mafungu matatu.

Sababu ya kwanza ni ya kimaadili. Aliuona ukumbi wa maonesho kuwa na sura ya uwanja wa mapambano, ambamo watu huja pia kutazama kama mtu atateleza. Mashindano ya aina hiyo, kwa maoni yake, yanaharibu muziki na pia yanamharibu mtazamaji.

Sababu ya pili ni ya kiufundi. Katika ziara zake za 1957 alizoea kupiga mara kwa mara kazi moja ya Bach, Partita namba 5. Ili isikike hadi viti vya nyuma vya kumbi kubwa, alijikuta akiongeza mikazo na mibadiliko ya sauti ambayo kazi yenyewe haikuihitaji. Alipoingia studioni kuirekodi, mazoea yale yalikataa kumtoka, na baadaye aliihesabu rekodi hiyo miongoni mwa kazi zake mbaya kabisa. Mwanaisimu ataitambua hali hii kwa urahisi. Msemaji hurekebisha usemi wake kulingana na anayesemeshwa, na marekebisho yakikaa sana hugeuka kuwa lafudhi.

Sababu ya tatu ni ya kiutunzi, nayo ndiyo nzito zaidi. Jukwaani hakuna kurudia. Neno likitoka halirudi kinywani, na noti ikipigwa haifutiki. Kwa mghani wengi huona hiyo ndiyo sifa kuu ya utendaji. Kwa Gould ilikuwa kizuizi. Alishangaa kwa nini mwandishi aruhusiwe kuirekebisha sentensi yake mara kumi, mwigizaji wa filamu arudie onesho lake, ila mpiga piano ahukumiwe kwa jaribio moja tu.

6. Studio kama mahali pa kutunga

Mwaka 1966, katika jarida la High Fidelity la Marekani, Gould alichapisha makala ndefu kuhusu mustakabali wa kurekodi. Humo alisimulia jinsi alivyorekodi fuga moja ya Bach. Fuga ni utungo ambamo sauti kadhaa huingia moja baada ya nyingine zikirudia wazo lilelile. Alirekodi mara nane. Rekodi ya 6 na ya 8 hazikuwa na kosa, lakini moja ilikuwa nzito na yenye kuunganisha noti, nyingine nyepesi na yenye kuzitenganisha. Kila moja, ikisikilizwa yote, ilichosha. Majuma kadhaa baadaye iligundulika kwamba kasi yake ni moja. Utepe ukakatwa na kuungwa, sehemu ya mwanzo na ya mwisho zikachukuliwa kutoka rekodi ya 6, na ya katikati kutoka rekodi ya 8. Tokeo likapita yote mawili, na halikuwa limepigwa na mtu yeyote wakati wowote kwa mfululizo huo.

Je, huo ni udanganyifu? Gould alilijibu swali hilo kwa jaribio. Mwaka 1975 alichapisha matokeo ya kuwasikilizisha wanamuziki, mafundi wa sauti na watu wa kawaida vipande vya rekodi, akiwataka waonyeshe utepe umeungwa wapi. Kwa jumla hawakuweza kuvitambua viungo kwa uhakika. Kwa hoja yake, kama sikio haliusikii mshono, basi madai kwamba mshono unaharibu roho ya kazi yanatokana na imani zaidi kuliko usikivu.

Hata hivyo, hoja hiyo inaficha jambo moja. Katika studio Gould hakuwa peke yake. Kwa kiasi cha miaka 15 alifanya kazi na mtayarishaji Andrew Kazdin, ambaye alisikiliza, alishauri na kuunga utepe. Studio ilikuwa na fanani zaidi ya mmoja, na mtu aliyekaa nyuma ya kioo alikuwa pia hadhira yake ya kwanza. Kwa maneno mengine, hadhira iliyotolewa kwa mlango wa mbele ilirudi kwa mlango wa nyuma, ikiwa ndogo na yenye utaalamu.

Redio nayo ilimpa uwanja mwingine. Mwaka 1967, kwa ajili ya shirika la utangazaji la Kanada, alitayarisha kipindi kiitwacho The Idea of North, kuhusu watu walioishi au kufanya kazi kaskazini mwa nchi hiyo. Alizipanga sauti za wasemaji kama sauti za fuga: mmoja anaanza, wa pili anaingia kabla wa kwanza hajanyamaza, kisha wa tatu, na maneno hugeuka kuwa kiimbo na mdundo. Vipindi viwili vya aina hiyo vilifuata, mwaka 1969 na 1977. Kwa mwanaisimu, kazi hizi ni majaribio adimu ya kuuliza sauti ya usemi hubeba nini pale maana ya maneno inapofifishwa kwa makusudi.

7. Hadhira iliyohama

Sasa turudi kwenye swali la msingi. Wapenzi wa muziki wa pwani ya Afrika Mashariki walikwisha kukutana na suala la sauti isiyo na mwili kabla Gould hajazaliwa. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri. Watu ambao hawakuwahi kumwona Siti waliisikia sauti yake. Lakini kuna tofauti ya kimsingi. Kwa Siti, santuri iliyafuata maonesho na kuyaeneza. Hadhira ya ana kwa ana ilibaki kuwa chemchemi. Kwa Gould, santuri ilichukua nafasi ya maonesho. Hakuwa na mahali pengine pa kupimiwa.

Gharama ya hali hiyo inaonekana katika ushahidi wa aina mbili. Kwanza, Gould alianza kujibuni hadhira. Mwaka 1974 alichapisha mahojiano ambamo Glenn Gould anamhoji Glenn Gould kuhusu Glenn Gould. Ni maandishi ya mzaha, lakini mzaha huo una ukweli wake: fanani asiye na mtu wa kumkatiza ilimbidi ajikatize mwenyewe.

Ushahidi wa pili ndio mkubwa. Mwaka 1981 Gould alirudi katika studio ileile ya 30th Street kurekodi upya Goldberg Variations, ingawa hakuwa na mazoea ya kurekodi kazi moja mara mbili. Rekodi ya 1955 inachukua dakika 38 hivi. Ya 1981 inachukua dakika 51 hivi, kwa sababu ya kasi na pia kwa sababu safari hii alirudia baadhi ya sehemu. Wimbo wa mwanzo peke yake, ambao mwaka 1955 ulimalizika kabla ya dakika 2 kutimia, mwaka 1981 ulizidi dakika 3. Katika mazungumzo yake na mwandishi Tim Page mwaka 1982, alieleza kwamba siku chache kabla ya kuingia studioni aliisikiliza rekodi yake ya zamani na hakuweza kujitambua katika roho ya mtu aliyeipiga. Kijana wa 1955 alishangilia wepesi wa kila geuzo peke yake; mtu wa 1981 alitafuta mapigo ya msingi yanayoyafunga mageuzo yote 30 kuwa kitu kimoja.

Hadhira iliyomfanya abadili utendaji wake, basi, ilikuwapo. Ilikuwa yeye mwenyewe, akiwa na miaka 48, akimsikiliza fanani wa miaka 22 kupitia mashine. Kinanda cha santuri kilimjibu kinanda cha nyundo. Ilichukua miaka 26 kwa jibu hilo kufika, ilhali ukumbi wa Moscow ulijibu katika muda wa mapumziko. Huo ndio uwiano wa faida na gharama: studio ilimpa Gould muda wa kufikiri ambao jukwaa lisingempa, na ikamnyima hukumu ya papo kwa papo ambayo hakuna fikra iwezayo kuibadili.

Santuri mpya ilitolewa Septemba 1982. Tarehe 27 ya mwezi huo, siku mbili baada ya kutimiza miaka 50, Gould alipatwa na kiharusi, na wiki moja baadaye alifariki dunia mjini Toronto. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1977, vyombo vya Voyager vilikuwa vimerushwa kwenda anga za mbali vikiwa na santuri ya dhahabu ambamo mna utangulizi na fuga ya Bach iliyopigwa naye. Rekodi hiyo imetumwa kwa hadhira ambayo hakuna ajuaye kama ipo. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa utendaji uliotengwa na mahali na wakati wake.

8. Hitimisho

Katika makala yake ya 1966 Gould alitabiri kwamba baada ya karne moja maonesho ya hadhara, kwa namna yalivyojulikana, yasingekuwapo tena. Karne hiyo haijatimia, lakini hadi sasa kumbi hazijafungwa. Watu wanazo rekodi zake majumbani, na bado wanakata tiketi kwenda kumsikia mtu mwingine akiipiga Goldberg Variations mbele yao. Hawafuati usahihi, kwani usahihi wanao tayari. Wanafuata tukio.

Kwa hiyo nadharia ya fasihi simulizi haikukosea kuifanya hadhira kuwa sehemu ya kazi. Inachohitaji ni kupambanua hadhira iliyopo na hadhira iliyohamishwa, na kukubali kwamba ya pili nayo humbadili fanani, ila kwa njia nyingine na kwa mwendo mwingine. Rekodi isihesabiwe kuwa kivuli cha tukio. Ni fani yenye watendaji wake, akiwamo fundi aliyekata na kuunga.

Kwa mtafiti kijana jambo hili lina matokeo ya vitendo. Anayekwenda kumrekodi mghani wa utenzi peke yake chumbani, mbali na kelele, hupata sauti safi na hudhani ameuokoa utenzi. Amepata kitu cha thamani, lakini ni kitu cha aina ya studio. Kama anataka tukio, hana budi kuvumilia kikohozi, kicheko, mtoto anayelia, na mzee anayedakia ubeti kabla ya mghani kuufikia. Na aandike katika kumbukumbu zake nani alikuwapo, alikaa wapi na aliitikia nini. Gould alijua vizuri alichokuwa akikiacha, akachagua kukiacha. Mtafiti asije akakiacha bila kujua.